Mililita Ndiyo Shahidi

Maneno haya niliyasema asubuhi ya Jumamosi mbele ya mafundi na wanagenzi wa gereji za Chake Chake, Pemba, mashine ya kupimia injekta, vile vibomba vinavyonyunyizia injini petroli, ikiwa mezani mbele yetu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila maswali ya katikati nimeyapunguza.

Assalaam aleikum.

Wazee wangu mlioko mbele, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokuja na ovaroli zenu kabisa kana kwamba kazi inaanza sasa hivi, nakushukuruni kwa kunipokea. Jana nimevuka kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Mkoani na mashine hii. Nimeizungushia magodoro mawili kwa sababu mirija yake ni ya kioo, na mkondo wa Nungwi mnaujua. Alhamdulillahi imefika nzima.

Nimekuja na neno moja. Fundi anayeosha injekta bila ya kuipima kabla na kuipima tena baada, hajui alichokifanya, na mwenye gari hajui alicholipia. Kwenye gari ya kawaida ujinga huo hulipwa kwa petroli na moshi. Kwenye gari yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu, hulipwa kwa pistoni.

Nianze na gari iliyonifundisha. Ni miaka kumi na kitu sasa. Kijana mmoja wa huku huku Pemba, wakati huo akifanya kazi Unguja, aliniletea Subaru Impreza ya tabo gerejini kwangu. Aliinunua kwa pesa za misimu miwili ya karafuu za shamba alilorithi kwa babu yake, na hata kuifuta vumbi hakumwachia mtu. Lalamiko lake lilikuwa dogo: sailensi, yaani mzunguko wa injini bila ya kukanyaga mafuta, haitulii, injini inatetemeka gari ikiwa imesimama, lakini ukikanyaga inakwenda. Nikabadilisha plagi. Nikachomoa injekta, nikazipitisha dawa ya kabureta kwa bomba la sindano huku nikizigusisha waya za betri, tak, tak, tak. Zote nne zilitoa dawa. Niliziona kwa macho yangu zikitoa. Nikazirudisha, nikamwambia, mwanangu, gari yako safi.

Siku ya nane akanipigia simu usiku. Alikuwa njia ya uwanja wa ndege, gia ya nne, tabo imejaa, akasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, halafu nguvu zikakata na moshi wa buluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Tulipoifungua injini, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imeliwa ubavuni. Ule ukingo ulio juu ya ringi umeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Pistoni nyingine tatu nzima, hazina hata alama.

Nikazichukua zile injekta nikapanda nazo boti mpaka Dar es Salaam, kwa fundi aliyekuwa na mashine kama hii. Akazifungua zote kwa sekunde 30, presha ya bar 3. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Ya kwanza ilijaza mililita 214. Ya pili 211. Ya tatu 168. Ya nne 212.

Hakuongeza neno. Akachomoa kichujio kilicho kichwani mwa ile ya tatu, akakigonga juu ya karatasi nyeupe. Zikadondoka chembe za kutu, nyekundu, nyembamba kama unga wa pilipili. Akaziosha zote, akazitia vichujio vipya, akapima tena: 213, 212, 207, 212. Injekta ilikuwa nzima muda wote. Pistoni ilikufa kwa sababu ya kichujio kisichozidi urefu wa karafuu moja, na mimi nilikuwa nimeshaishika injekta ile mkononi nikasema safi.

Injini ile nilimlipia mimi. Sikuona njia nyingine.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani, kwa sababu kijana akikijua hiki hatasahau. Petroli na hewa vina uzani wao. Gari ikitembea polepole, kompyuta ya injini inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Tabo ikijaa mambo hubadilika: unataka petroli zaidi, kilo 11 mpaka 12 za hewa kwa kilo moja, kwa sababu ile petroli ya ziada inapoza ndani ya silinda na kuzuia mchanganyiko usilipuke wenyewe kabla ya wakati wake. Chukueni ile Impreza. Silinda tatu ziko kwenye 11.5. Ya tatu injekta yake imepungukiwa sehemu 21 katika 100. Fanyeni hesabu: silinda ile ilikuwa ikienda na 14.6. Yaani ilikuwa ikibeba mzigo wa kilima cha Chake kwa chakula cha gari iliyoegeshwa.

Mtasema, kompyuta si ina sensa ya oksijeni? Inayo, lakini sensa imekaa kwenye ekzosti, baada ya silinda zote nne kumwaga moshi wao pamoja. Ni kama mpishi aliyepika vyungu vinne, akavimimina vyote kwenye sinia moja, kisha akaonja kijiko kimoja. Chungu kimoja kikikosa chumvi hataweza kukijua. Hata kama kijana yule angekuwa na geji ya mchanganyiko kwenye dashibodi, siku ile ingemsomea 12 na kidogo, namba ambayo haimshtui mtu yeyote. Ndiyo maana nasema mililita ndiyo shahidi. Sikio halikusikia, jicho halikuona, geji ingedanganyika, na mrija wa kioo ukasema 168.

Injekta yenyewe tusiikuze wala tusiidharau. Ni bomba lenye sindano ndani, spring inaibana sindano chini, na koili ya umeme inaivuta juu. Kompyuta haiwezi kuiambia ifunguke nusu. Inaiambia ifunguke kwa muda gani tu. Bosch walipotoa mfumo wao wa D-Jetronic mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, kazi ilikuwa hiyo hiyo: presha ishikwe sawa, muda ndio ubadilishwe. Mpaka leo, kwenye gari hizi zinazotia petroli kwenye njia ya hewa, kanuni ni ile ile. Kwa hiyo kompyuta inaamini jambo moja kubwa bila ya kuliona: kwamba injekta zote nne, zikifunguliwa kwa muda sawa, zinatoa petroli sawa. Kazi yetu ni kuifanya imani hiyo iwe kweli.

Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Chukua injekta ya mililita 440 kwa dakika, ndiyo ukubwa wa zile za injini ya Toyota 2JZ ya tabo ya Japani. Kwenye sailensi hufunguka kama milisekunde 3. Piga hesabu, haizidi mililita 0.022. Tone moja la maji kutoka kwenye bomba la sindano ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Sasa wewe unataka kugawa chini ya nusu ya tone, sawa kwa sawa, mara mia kadhaa kwa dakika, kwa mdomo ulioganda utando wa gundi. Haiwezekani.

Huo utando unatoka wapi? Mama zetu wakipika mafuta ya nazi, maji hukauka taratibu, na chini ya sufuria hubaki mashata meusi yaliyoshika. Injekta inapikwa hivyo hivyo. Ukizima injini iliyochemka, petroli imesimama haitembei tena, lakini joto la kichwa cha injini linaendelea kupanda. Lile tone lililobaki mdomoni mwa injekta linachemka. Kilicho chepesi kinaruka, kizito kinabaki na kushika. Safari moja haidhuru. Lakini gari inayotoka Machomane kwenda sokoni, ikazimwa, ikawashwa kwenda Gombani, ikazimwa, ikarudi nyumbani, kila siku, kila siku, hiyo inapika mashata mara tatu kabla ya magharibi. Gari ya mtu anayekwenda Wete na kurudi kwa mwendo mmoja hubaki safi zaidi, ingawa imetembea kilomita nyingi zaidi.

Kisha kuna mambo yetu ya visiwani. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, zinasimama bandarini, zinasafiri wiki kadhaa, zinasimama tena zikisubiri makaratasi, na petroli iliyomo ni ile ile kidogo iliyobaki chini ya tangi. Petroli ikizeeka inatoa gundi. Tangi likikaa robo, hewa ya juu yake ni hewa yetu hii ya unyevu na chumvi; usiku inapoa, maji yanatona kwenye kuta za tangi na kushuka chini, na chuma kinaanza kula kutu. Ongeza dumu lililokuwa na maji jana, leo limetiwa petroli. Kutu hiyo kubwa hukamatwa na filta. Ile ndogo inapita mpaka kwenye kichujio cha injekta, na hapo ndipo ilipomaliziwa ile Impreza.

Chumvi ina mlango wa pili, nao ni soketi ya umeme ya injekta. Ukiichomoa ukakuta pini zina ukijani, umeme haufiki wote, na injekta inachelewa kufunguka hata ikiwa safi kama imetoka kiwandani. Safisha pini, zipake grisi ya umeme, ndipo uendelee. Nimeona watu wakinunua injekta mpya kwa ukijani wa pini mbili.

Sasa tuje mezani.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize kama ni injekta kweli. Gari inayomisi, yaani silinda inaruka bila ya kuwaka, inaweza kuwa koili, plagi, hewa inayovuja kwenye paipu, au valvu isiyoziba. Pima kompresheni kwanza, yaani silinda inavyobana hewa. Mtu akija na kompresheni mbovu ukamwoshea injekta, umechukua pesa ya bure, na gari ni amana. Injekta inayovuja nayo ina dalili yake: gari baridi inawaka vizuri, lakini ukiizima ikiwa ya moto ukakaa robo saa, kuiwasha ni tabu, na inatoa harufu ya petroli mbichi. Injekta iliyoziba utaiona zaidi kwenye skana, kile chombo cha kusomea kompyuta ya gari: kompyuta inaongeza petroli, asilimia 10, 15, na haitaki kushuka.

Ukishaamua, ondoa presha kwenye reli, lile bomba linalogawia injekta petroli. Chomoa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka ijizime, kisha vua kichwa cha betri. Fanyia kazi nje penye hewa, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu yako, na anayevuta sigara akae mbali. Kila injekta ipe namba ya silinda yake kabla haijatoka. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Ukizichanganya, umepoteza habari: huwezi tena kusema plagi ya silinda ya pili, iliyokuwa nyeupe kwa kupungukiwa petroli, ilitokana na injekta gani.

Pima upinzani wa koili kwa mita. Nyingi zitasoma omu 12 mpaka 16. Lakini gari za zamani za mbio, Mitsubishi Evo zile za injini ya 4G63, Toyota Supra ya tabo, nyingi zina injekta za omu 2 mpaka 3, na kwenye gari huwekewa boksi la rezista la kuzilinda. Hizi usizigusishe betri moja kwa moja. Volti 12 kwa omu 2.5 ni ampia karibu 5, na koili yake ni waya mwembamba. Itanuka kwanza, halafu itakufa. Kwenye mashine, ichague ya omu ndogo kabla ya kubonyeza.

Kisha, na hapa nawaomba msinielewe vibaya, zifunge mashineni zikiwa chafu vile vile zilivyotoka. Usizifute, usizipulize. Uchafu ule ni ushahidi. Tia presha bila ya kuzifungua, ukae dakika moja nzima ukiangalia midomo. Kwenye gari ya kawaida tone moja kwa dakika watu hulivumilia. Kwenye gari ya tabo mimi silivumilii. Halafu zifungue uangalie zinavyonyunyiza. Taa ikiwa nyuma ya kioo utaona wazi: nzuri inatoa ukungu kama pua ya chupa ya marashi, mbovu inakojoa mshipa mmoja uliopinda kwenda ubavuni. Vijana, msishtuke mkiona injekta moja ikitoa mikondo miwili. Injini yenye valvu mbili za kuingizia hewa kwa kila silinda nyingi zimetengenezwa hivyo, kila valvu mkondo wake. Kinachotakiwa ni mikondo yote miwili iwe sawa, na injekta zote zifanane.

Baada ya hapo ndipo kipimo. Watu wengi wanapima mara moja tu, injekta ikiwa wazi moja kwa moja kwa sekunde 30, wanaona mirija imejaa sawa, wanafunga kazi. Nami nilikuwa hivyo miaka mingi. Hapa ndipo penye siri, nataka nikae kidogo.

Sindano ya injekta haiamki papo hapo. Umeme ukifika, koili inahitaji muda kuivuta, kama milisekunde moja hivi betri ikiwa kwenye volti 14, na zaidi betri ikichoka. Kwa hiyo kompyuta ikiamrisha milisekunde 3, moja imeliwa na kuamka, petroli inatoka kwa mbili tu. Sasa chukua injekta ambayo sindano yake inakwama kidogo kwa gundi, inachelewa milisekunde 0.3 kuliko wenzake. Kwenye sailensi imepoteza 0.3 katika 2, ndiyo asilimia 15. Injini itatetemeka. Lakini injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 kwa mzunguko wake mzima wa kazi, na injekta labda iko wazi kwa 15. Pale 0.3 ni asilimia 2 tu, hutaiona. Na ukiipima ikiwa wazi moja kwa moja, haichelewi kabisa, kwa sababu haifungwi. Itatoka sawasawa na wenzake na wewe utasema nzima.

Kinyume chake pia kipo. Ile iliyoziba kichujio huweza kujitahidi kwenye mipigo mifupi, kwa sababu petroli inayotakiwa ni kidogo na inapata muda wa kupenya, ikaja kuanguka pale inapotakiwa kumwaga kwa wingi. Hiyo ndiyo inayoua pistoni, na mwenye gari anakuapia kuwa sailensi iko sawa. Kwa hiyo pima mara tatu: mipigo mifupi kama sailensi, mipigo mirefu ya mwendo mkubwa, kisha wazi moja kwa moja. Andika zote. Kioevu kiwe kile cha kupimia, si petroli. Petroli mezani pembeni ya cheche ni msiba unaosubiri siku yake.

Kuosha kwenyewe sikuoni kama kazi kubwa. Mnachomoa kichujio kwanza, kwa skrubu yake maalumu, maana mkiosha kikiwa ndani uchafu wa juu mtausukuma chini. Subaru nyingi za zamani zinalishwa kwa ubavuni, kichujio chake kimezunguka mwili wa injekta. Hicho nacho kiangaliwe. Mnavua oringi, vile vipete vya mpira vya kuzibia, na vifuniko vya midomo. Mnatumbukiza midomo kwenye beseni la mawimbi ya sauti, soketi ya umeme ibaki juu ya maji. Mawimbi yale yanapiga kama mara 40,000 kwa sekunde, yanazaa mapovu madogo yasiyoonekana, na kila povu likipasuka linabandua utando. Mashine iwe inazifungua na kuzifunga muda wote ule, la sivyo dawa haifiki kwenye kiti cha sindano. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Kisha zipitisheni dawa kinyumenyume, kutoka mdomoni kwenda juu, ili kilichobanduka kitoke kilikoingilia.

Dawa za kutia kwenye tangi sizipondi. Zile nzuri husaidia kuzuia utando usirudi. Lakini hakuna dawa ya tangi inayoyeyusha kutu iliyojaa kwenye kichujio, na hakuna chupa inayokuambia silinda ya tatu imepungukiwa.

Pima tena. Kwa gari ya kwenda kazini mimi hukubali tofauti ya asilimia 5 kati ya kubwa na ndogo. Kwa gari ya tabo iliyoongezwa presha nataka isizidi 3, na ikiwezekana 2. Ikikataa baada ya kuoshwa mara mbili, ibadilishwe. Usimwambie mwenye gari kuwa fundi wa kompyuta atairekebisha. Kwenye gari hizi nyingi anarekebisha zote kwa pamoja, na tatizo ni moja.

Na hapa niseme na vijana wanaotaka kuongeza presha ya tabo kwa kuzungusha skrubu. Injekta ina mwisho wake. Nne za mililita 440 kwenye injini ya tabo, ukiziacha zipumue kidogo, zikae wazi asilimia 85 ya muda, zinalisha nguvu za farasi 240 hivi. Ukivuka hapo zinabaki wazi muda wote, na hakuna amri ya kompyuta itakayoongeza tone. Wengine wanasema ongeza presha ya mafuta. Sawa, lakini ukitoka bar 3 kwenda bar 4 hupati theluthi zaidi. Kiasi kinafuata kipeuo cha pili cha presha: 440 inakuwa 508 tu, na pampu inaelemewa. Kabla ya kununua tabo kubwa, leta injekta zako tuzipime tujue unacho nini.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira. Vichujio vipya, oringi mpya za mpira usioliwa na petroli, kila moja ipakwe mafuta safi ya injini kidogo ili iteleze, isijikunje. Oringi iliyojikunja juu ya tabo ya moto, mwanangu, gari inaungua barabarani na watu wako ndani. Ukishafunga reli, washa swichi bila ya kuwasha injini, mara tatu, pampu ijaze. Shika tochi, pitisha kidole kavu chini ya kila injekta. Kidole kikitoka kikavu, washa.

Neno dogo kwa wenye gari za D-4. Toyota walianza kuzitoa Japani mwaka 1996, na huku tunazo tele. Injekta zake zinatia petroli ndani ya silinda kabisa, kwa presha ya kupita bar 50 na nyingine kupita 100. Mashine hii haiwezi kuzipima kwa presha yake halisi. Tunaweza kuangalia uvujaji na koili. Atakayekuambia amezipima kikamilifu kwa mashine ya bar 3, muulize amepima nini.

La mwisho ni karatasi. Kila gari inayopita mezani iwe na karatasi yake: namba za silinda, omu, uvujaji, vipimo vitatu kabla, vitatu baada, tarehe, saini ya aliyepima. Nakala moja apewe mwenye gari, moja ibaki gerejini. Mzee mmoja hapa ameniuliza, wateja wetu watataka makaratasi yote hayo? Wakizoea watayadai, mzee wangu, na fundi wa jirani atalazimika kutoa zake. Kijana wa Impreza bado huja kwangu kila mwaka. Hasalimii vizuri kabla hajauliza, "Ami, ya tatu imetoa ngapi?"

Mashine itabaki hapa mpaka Jumatano, na nimeshakubaliana na wenyeji kuwa vijana wawili watakaa nayo wajifunze kuiendesha. Anayetaka kupimiwa alete injekta zake kwenye mfuko safi, kila moja na namba ya silinda yake kwa wino usiofutika, na aje na plagi za silinda hizo hizo ili tuzisome pamoja. Na tafadhali, zileteni chafu kama zilivyo.